Daktilo wa Barua za Kama

Alipokuwa akipiga mashini yake ya kuandikia hakutazama vidole vyake wala karatasi. Alitazama mdomo wa mtu aliyeketi mbele yake. Ukisema haraka, aliacha kupiga, akakungoja umeze mate. Ukisema jambo usiloliamini, aliacha pia, na hapo kimya chake kilikuwa kirefu zaidi, mpaka waliokuwa kwenye foleni nyuma yako wakaanza kukohoa.

Mimi nimeona waandishi wengi wa barua za biashara. Nimekaa meza moja na wanasheria wa Bujumbura na Goma, watu wa ofisi zenye vioo na hewa ya baridi. Nina lisansi, yaani shahada ya chuo, ya sayansi ya biashara. Niliipata kwa kubeba magunia mchana na kusoma jioni, na hakuna mtu wa ukoo wetu anayeweza kusema alininunulia hata kalamu. Nasema haya ili msomaji ajue kwamba simsifu mzee huyu kwa ushamba. Kazi nzuri naijua nikiiona, na yake ilikuwa nzuri.

Kindu nzima ilimwita Daktilo, yaani mpiga mashini, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoifanya katika ofisi moja karibu na stesheni, mpaka treni zilipoacha kuja. Siku ofisi ilipofungwa alibeba mashini yake kichwani, akavuka nayo mto kwa mtumbwi hadi kwake Alunguli. Kila asubuhi alivuka nayo tena kurudi upande wa soko, akaweka meza chini ya paa la duka lililofungwa. Alivaa tai. Miguuni alivaa kandambili, kwa kuwa viatu vyake viliibiwa mwezi wa kwanza wa vita, naye alisema mtu anayeandika huonekana kuanzia meza kwenda juu.

Miaka ile mji wetu ulikuwa umefungwa. Njia ya Kibombo ilifunguka wiki moja, ikafungwa wiki tatu. Mfanyabiashara wa mjini alikuwa na chumvi na sabuni zilizoletwa na ndege. Mkulima wa Kibombo alikuwa na mpunga. Katikati yao palikuwa na vizuizi vya watu wenye bunduki, leo wa upande huu, kesho wa upande mwingine. Nani angetia sahihi mkataba? Mkataba unasema nitaleta, na hakuna aliyeweza kusema nitaleta. Mtu aliweza kusema tu kwamba ana nia ya kuleta, na kumwomba mwenzake asimpe mwingine kabla hajafika. Daktilo alilielewa jambo hili kabla yetu sote, akaanza kupiga barua za nia.

Miaka mingi baadaye, chuoni, profesa alitufundisha barua ya nia kama jambo geni. Alieleza kwamba pande mbili zinazoelekea mkataba huandikiana kwanza kile wanachokitaka, wakisema wazi ni lipi linalowafunga na ni lipi lisilowafunga. Wenzangu walinakili kwa bidii. Mimi nilikunja mikono nikatabasamu, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuzibeba barua hizo ndani ya shati, nikisukuma baiskeli yenye magunia, kutoka Kindu hadi Kibombo, nikiwa na umri wa miaka ishirini.

Muundo wake ulikuwa mmoja. Mimi fulani nina nia ya kubadilisha chumvi yangu na mpunga wa mama fulani, kama njia iko, kama mpunga iko, kama mimi niko. Maneno hayo matatu ya mwisho hayakukosekana hata mara moja, na kwa ajili yake watu waliziita barua za kama. Chini yake aliandika siku ambayo barua itakufa. Ndivyo alivyosema, itakufa. Ikifika siku hiyo na hakuna aliyetokea, kila mtu yuko huru na mali yake, bila lawama. Halafu alikisukuma kishikio cha mashini, utepe ukapanda upande wake mwekundu, na kwa herufi kubwa akapiga mstari wa mwisho: HII HAIJAKUWA MAPATANO.

Karatasi zilikuwa adimu, kwa hiyo alipiga nyuma ya hati za mizigo alizookota ofisini. Upande mmoja ulisomeka chumvi ya bwana mmoja wa Kindu, upande wa pili ulisomeka mabati na baiskeli zilizotakiwa kufika kwa treni ambayo haikufika kamwe. Aliona ni sawa tu. Karatasi, alisema, haijali.

Neno askari halikuandikwa. Barua ikikamatwa kwenye kizuizi na neno hilo ndani, aliyeibeba alipigwa. Mahali pake aliweka mvua. Kama mvua si nyingi, kama mvua haikukaa njiani. Kila mtu alielewa. Nakumbuka barua moja ya mwezi wa kiangazi iliyotaja mvua mara tano, na mwenye barua alipoisikia ikisomwa alicheka mpaka akashika mbavu.

Maana alizisoma. Hakuna barua iliyotoka mezani pake bila kusomwa kwa sauti mbele ya foleni nzima, na mteja alitakiwa kuirudia kwa maneno yake mwenyewe. Wengi walichukia. Walitaka mambo yao yawe siri. Yeye alisema siri ina watu wake wa kuiandika, hapa si kwao.

Siku moja alikuja mfanyabiashara wa vitambaa, mtu mnene, Haji, mwenye sauti ya kuamrisha. Mimi nilikuwa wa tatu kwenye foleni.

"Andika," Haji akasema, "nitaleta sabuni inshallah."

"Inshallah siandiki."

"Juu ya nini? Weye si Mwislamu?"

"Njo maana," akasema, na njo ya kwetu ni ndiyo. "Ile ni kati yako na Mungu. Hii karatasi iko kati yako na mama wa Kibombo. Kitu gani itakuzuia? Sema ile."

"Mungu anajua."

"Mungu anajua, Haji. Mama wa Kibombo hajui. Umwambie."

Watu wakaanza kucheka. Haji akafuta jasho, akatazama mto. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo kwamba mtumbwi wake una tundu, na fundi bado hajalipata bati la kuliziba. Daktilo akapiga: kama mtumbwi umezibwa. Haji akairudia barua kwa maneno yake, akaondoka amekasirika. Wiki iliyofuata alirudi kutaka barua nyingine, na safari hii hakulitaja jina la Mungu.

Mimi pia alinipata. Nilikuwa nimekuja na kiburi cha kijana mwenye baiskeli.

"Baiskeli ni yako?" akaniuliza.

"Ni yangu."

"Yako kabisa?"

"Ya shemeji."

"Basi tuongeze: kama shemeji anakubali."

Foleni ikaangua kicheko. Nilinuna wiki nzima, na kwa kweli nilikuwa bado nimenuna nilipouhama mji. Lakini shemeji aliichukua baiskeli yake katikati ya msimu ule, na barua yangu ikafa kwa heshima, bila mtu kuniita mwongo.

Sasa niseme upande wake mwingine, kwa sababu mtu huyu hakuwa kitu kimoja.

Aliyewaambia wote kwamba barua haijakuwa mapatano, yeye mwenyewe hakujua kuishi hivyo. Alikuwa na magunia matatu ya chumvi, malipo aliyopewa na tajiri mmoja kwa kazi ya mwaka. Akaandika nia yake kwa mwanamke mmoja wa Kibombo, chumvi kwa mpunga, pamoja na zile kama zake tatu, na siku ya kufa. Njia ikafungwa. Siku ya kufa ikapita. Mjini watu walikuwa wakipika majivu ya magugu ya mtoni ili wapate ladha ya chumvi. Walimjia na nguo, na kuku, mmoja alimletea saa ya mkononi. Alikataa. Mama yangu, jirani yake wa nyumba ya tatu, alikwenda na kikombe, naye akamjazia kutoka chungu cha jikoni kwake, chote, mpaka mke wake akabaki na mboga isiyo na kitu. Magunia hakuyafungua.

Nikamwuliza. Nikamwambia barua imekufa, yeye mwenyewe ndiye aliyeiandikia siku.

"Imekufa, ndiyo," akasema. "Lakini yeye anajua kama imekufa? Pengine anahesabu vibaya. Pengine iko njiani sasa hivi na mupunga ku kichwa."

Mwanamke yule alifika baada ya miezi, amekonda, na kikapu kimoja cha mpunga badala ya mzigo aliouandika. Daktilo akampa magunia yote matatu. Yalikuwa yamenyonya maji na kuwa mawe. Mke wake alisimama mlangoni akitazama wanaume wakiyapasua kwa shoka.

Mke huyo hakujua kusoma, lakini hakuna aliyemsoma mume wake vizuri kuliko yeye. Aliwaambia wateja, mbele yake, bila kupunguza sauti: "Bwana yangu anajua nia ya muji muzima. Ya nyumba yake hajui." Maana paa lao lilivuja, na kwa miaka mingi alikuwa na nia ya kulitengeneza. Daktilo alicheka pamoja na wateja. Alimpenda sana, nadhani, na alimwogopa kidogo.

Alikuwa na majivuno yake pia. Hakukubali kusahihishwa Kifaransa, hata alipokosea. Alipenda sukari kupita kiasi, na ilipokosekana alishika kikombe kitupu mkononi akiongea, akakipeleka mdomoni kwa mazoea. Aliniambia mara moja kwamba mimi ninasema vizuri na ninasikiliza vibaya, na kwamba watu wa namna hiyo huwa matajiri. Nililichukua kama sifa.

Nilirudi Kindu baada ya miaka kumi na kadhaa, na sikurudi kama nilivyoondoka. Nina ofisi ya matofali, kompyuta mbili, mashini ya kuchapisha rangi, na paneli za jua juu ya paa. Watu husimama kunisalimu. Daktilo alikuwa mzee sasa, na mashini yake ilikaa nyumbani chini ya kitambaa, lakini wakulima wa mpunga wa njia ya Kibombo walikuwa wameunda chama na kumfanya katibu. Walikuwa na hangari moja, ghala kubwa karibu na reli, na funguo zake alizivaa shingoni. Mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja mwenye mikono mikubwa, mjane, tuliyemwita Mama Prezidante.

Mimi ndimi niliyewaletea mnunuzi. Ilikuwa nyumba ya biashara kutoka mbali, ambayo mameneja wake nilikutana nao Goma. Walitaka mpunga wa Kibombo, mwingi, kila msimu, na walisema wataleta mashini kubwa ya kukoboa. Kwa wakulima waliozoea kuuza kwa bakuli kwa wenye mitumbwi ya mota, hili lilikuwa jambo la kubadilisha maisha. Kwangu pia. Waliniambia kwamba mkataba ukitiwa sahihi, nitakuwa mwakilishi wao kwa jimbo letu zima la Maniema. Sikumwambia mtu.

Walituma barua ya nia, kurasa mbili, tayari imeandikwa. Niliichapisha kwa rangi, na muhuri wa buluu ukatoka vizuri kabisa. Daktilo aliisoma ofisini kwangu, akiishika karibu na pua. Alichukua muda mrefu.

"Hapa," akasema, "wao wanasema wako na nia ya kununua. Sawa. Na hapa sisi tunasema hatutauzia muntu mwingine mpaka mazungumuzo iishe."

"Njo mutindo ya sasa, Mzee."

"Wao wako na nia. Sisi tuko na kazi."

"Mzee, ni kampuni kubwa."

"Siku ya kufa iko wapi?"

Haikuwapo. Iliandikwa tu kwamba mazungumzo yataendelea mpaka upande mmoja utakapoujulisha mwingine kwa maandishi kwamba yamekwisha, na maandishi hayo yafike. Wala hapakuwa na neno lolote la kuonya, popote, kwamba hayo bado si mapatano. Na mimi nilijua. Nilijua kuliko mtu yeyote katika mji ule, kwa sababu nilifundishwa. Barua ya nia iliyoandikwa kwa haki ina tarehe ya mwisho, na zuio la kuuzia wengine halizidi wiki chache. Nilikuwa nimeyajibu maswali hayo katika mtihani, nikapata alama za juu. Lakini kuwaandikia mameneja wale kwamba katibu wetu anadai tarehe na mstari mwekundu, niliona haya. Niliogopa watasema hawa ni watu wa soko. Niliogopa watatafuta mwakilishi mwingine.

"Ile ilikuwa karatasi ya vita, Mzee," nikamwambia. "Sasa iko amani. Wenye mali hawapendi kuambiwa watakufa lini."

Alinitazama mdomo. Nikaendelea kuongea, na kadiri nilivyoongea ndivyo nilivyopata sababu nzuri zaidi. Mwishowe akaweka karatasi mezani.

"Weye umesoma," akasema. "Mimi nilikuwa napiga mashini tu."

Akatia sahihi. Mama Prezidante naye akaitwa, akabonyeza kidole.

Kilichofuata kingetokea kwetu tu. Wanachama walipoona muhuri wa rangi, hawakuiita tena barua ya nia. Waliiita kununuliwa. Walichinja mbuzi wawili. Walipaka milango ya hangari rangi ya buluu kama ile ya muhuri, na kijana mmoja mwenye mkono mzuri akaandika juu ya mlango jina la kampuni, bila kukosea herufi. Nilihutubia siku hiyo. Nilisema vizuri. Daktilo alikaa nyuma, na watu walipompigia makofi alitikisa kichwa, akasema kitu ambacho hakuna aliyekisikia.

Mavuno yakaja. Mpunga ukajaa hangarini mpaka kwenye vyuma vya paa. Nikapiga simu Goma, wakasema wiki ijayo. Nikapiga tena, wakasema mkurugenzi yuko safarini. Wenye mitumbwi ya mota wakafika, wakapita kwenye hangari na mifuko yao ya pesa, wakauliza. Daktilo aliwarudisha mmoja mmoja kwa adabu.

"Mzee, tuuze nusu," Mama Prezidante alisema. "Nani ataona?"

"Mimi nitaona."

"Weye macho yako ni mabaya."

"Njo maana nitafunga mulango."

Watu walicheka bado wakati huo. Nami nilimwambia angoje, na hili ndilo linaloniuma. Kila mara alipotaka kuandika barua ya kuvunja mazungumzo, mimi nilisema bado, Mzee, wiki moja, nimeongea nao jana. Nilikuwa sijaongea nao. Nilikuwa nimesikia simu ikilia tu, ikilia mpaka ikakatika. Bado nilijiona nikikaa kwenye meza ya mwakilishi.

Mvua ilianza mapema. Paa la hangari lilivuja upande wa reli, na magunia ya chini yakaanza kutoa joto. Ukiingiza mkono ndani ulihisi kama ndani ya tumbo la mnyama. Wanawake walikuja kuanika juu ya maturubai kila jua lilipotoka, wakakusanya haraka lilipofichwa. Waliimba mwanzoni. Baadaye hawakuimba. Mama Prezidante alikuja ofisini kwangu, akasimama bila kuketi.

"Lisansie," akasema, kwa jina walilonipa kwa ajili ya lisansi yangu, "sema kweli. Wanakuja?"

"Wanakuja, Mama."

"Lini?"

Sikuwa na siku ya kumpa.

Hapo Daktilo hakuniuliza tena. Alifunua mashini yake, akapiga barua ya kuvunja, akampa abiria mmoja wa ndege. Ilirudi baada ya siku kumi na tano, haijafunguliwa. Abiria alisema ofisi ile imehamwa, mlangoni kuna muuza simu. Nikamwambia Mzee: basi, mambo yamekwisha, auze. Mtu yeyote mwenye akili angeuza. Sheria yoyote ingemruhusu. Nilimwambia kwa lugha ya chuo na kwa lugha ya nyumbani.

"Barua haikufika," akasema. "Tuliandika lazima ifike."

"Lakini hakuna muntu kule."

"Weye njo ulisema iko muntu."

Mwezi huohuo aliugua. Mkono wa kulia ukaacha kumsikiliza, na macho yakafifia zaidi. Funguo za hangari zilibaki shingoni mwake kitandani, na katika chama kizima hakupatikana mtu wa kumvua. Kwa nini, sijui kueleza vizuri kwa wasiomjua. Ni kwamba karibu kila mmoja wao, au mama yake, aliwahi kungojewa na mtu wakati wa vita kwa sababu ya karatasi iliyotoka kwenye mashini ya mzee yule.

Nilivuka kwenda kwake asubuhi moja na kompyuta ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha kamba, ametandikwa shuka miguuni, tai imefungwa na mtu mwingine, vibaya. Mke wake alikuwa akiosha vyombo hatua chache kutoka kwetu.

"Mzee," nikamwambia, "iko njia ingine. Nitaandika kwa kompyuta. Inaenda mara moja, inawakuta popote wako."

"Popote?"

"Popote."

Akafikiri. Akauliza kama barua ya kompyuta inahesabiwa kuwa maandishi. Nikasema inahesabiwa, na hilo ni kweli, nimelisoma. Basi akakubali, akaanza kunisomea, polepole, kwa Kiswahili, nami nikaweka Kifaransa.

"Sisi wa chama ya mupunga tulikuwa na nia. Tuliwangojea tangu mavuno. Leo nia yetu imeisha. Hatuna hasira. Tunawaaga."

"Niongeze kitu juu ya hasara?"

"Usiongeze."

Nikamsomea yote. Akairudia, akasahihisha neno moja la Kifaransa, na safari hii alikuwa sahihi. Nikaweka jina lake na la Mama Prezidante. Nikainua juu simu iliyounganishwa na kompyuta kutafuta mtandao, nikabonyeza.

Haikupita hata dakika. Ujumbe ulirudi. Ulisema kwamba anwani ile haipo.

Nilikaa nikiutazama. Nimesoma miaka mitano, nimefanya kazi katika nchi tatu, ninajua kuandika kwa wizara na kwa benki, na sikuwa na anwani nyingine ya kumpelekea mtu yeyote duniani barua ya mzee huyu. Nilijaribu ile ya meneja wa pili. Ilirudi pia.

"Imefika?" akauliza.

Mke wake aliacha kuosha. Alinitazama usoni, sufuria mkononi.

"Imefika, Mzee."

"Saa ngapi?"

"Saa nne na dakika kumi."

Aliomba simu yangu. Nilimpigia Mama Prezidante, nikaiweka sikioni mwake.

"Mama," akasema, "imefika. Tuma muntu achukue funguo. Muuze."

Sauti ya Mama Prezidante ilikuwa kubwa, nami nikaisikia kutoka nilipokaa.

"Sawa, Muzee. Tutauza ile iko."

Mzee hakuuliza iliyopo ni kiasi gani. Nilikuwa nimeiona siku iliyotangulia. Ilikuwa safu za juu tu, chini ya theluthi. Iliyobaki ilikuwa nyeusi, na watengenezaji wa pombe walikuwa wameitazama na kuondoka. Mtumbwi wa mwisho wa wanunuzi ulikuwa umekwisha kushuka mto, na kabla ya mwingine kuja wangeuza sokoni, kwa bakuli.

Alivua funguo kwa mkono wa kushoto, kwa shida, akaziweka juu ya shuka. Mke wake alituletea chai. Yake ilikuwa na sukari nyingi, akainywa taratibu, na uso wake ulikuwa umetulia kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu kabla ya siku ya mbuzi. Kisha akanipa mkono uleule wa kushoto.

"Lisansie," akasema, "leo njo nimeona kazi ya diploma yako."

Niliushika. Mke wake alikuja, akainama, akakichukua kikombe changu kilichokuwa bado nusu, akaingia nacho ndani.